Kiziwi na Usukani: Kujifunza Udereva kwa Macho

Askari wa usalama barabarani anapoongoza magari kwenye makutano hasemi neno. Anainua mkono, magari ya mbele yanasimama; anaupunga, ya kulia yanapita. Kibao cha mwendo hakisemi. Mstari mweupe usiokatika katikati ya lami hausemi. Sehemu kubwa ya mawasiliano ya barabarani hupita machoni, na kiziwi ndiye aliyezoea kuliko mtu yeyote kuishi kwa macho. Hata hivyo, mzazi wa Sumbawanga akitaja habari ya kumpeleka kijana wake kiziwi chuo cha udereva, swali la kwanza atakaloulizwa ni hili: honi atasikiaje?

Swali hilo si la kubeza. Lina jibu, na jibu hilo limetafutwa kwa takriban miaka mia moja katika nchi nyingi. Makala haya yanamlenga kiziwi anayetaka leseni, ndugu wanaomgharamia, na mwalimu wa udereva ambaye hajawahi kukaa garini na mwanafunzi asiyesikia. Nitaanza na historia, kwa sababu ukishaijua utajibu mapingamizi mengi bila kugombana na mtu.

Magari yalipoanza kuwa mali ya watu wa kawaida Marekani, mwanzoni mwa karne ya 20, viziwi waliyanunua na kuyaendesha kama wengine. Kizuizi kilikuja baadaye. Katika miaka ya 1920 baadhi ya majimbo, Pennsylvania na New Jersey yakiwemo, yalianza kuwanyima viziwi leseni kwa hoja kwamba asiyesikia ni hatari. Chama cha Taifa cha Viziwi cha huko, kilichoanzishwa mwaka 1880, kiliingia kwenye mapambano hayo. Viongozi wake hawakuomba huruma. Walidai rekodi za ajali ziangaliwe, na wakati huohuo wakawaasa wanachama waendeshe kwa uangalifu uliopitiliza, kwa sababu ajali ya kiziwi mmoja ingehesabiwa kuwa kosa la viziwi wote. Ulikuwa mzigo usio wa haki, kwani hakuna anayewanyima leseni wanaosikia wote kwa sababu mmoja wao amepinduka. Lakini waliubeba, na marufuku zile zikaondolewa.

Mafunzo yenyewe ya udereva yalikuwa bado machanga hata kwa wanaosikia. Mwaka 1934 Amos Neyhart alianza kuwafundisha wanafunzi wa sekondari katika mji wa State College, Pennsylvania, na somo la udereva likaenea shuleni. Katika miaka ya 1960 hakimu mmoja wa mji wa Denver, Sherman Finesilver, alilivalia njuga suala la viziwi. Alichunguza rekodi za madereva viziwi, akahimiza wafundishwe udereva wa kujihami kwa lugha ya alama, na akafikia hitimisho kwamba hawakuwa hatari kuliko wengine. Mara nyingi rekodi zao zilikuwa safi zaidi. Hakimu huyo aliyeshughulika na makosa ya barabarani aliona tatizo la viziwi kuwa la ufundishaji. Masikio yao hakuyaona kuwa tatizo, na huo ndio msimamo wa makala haya.

Kwingineko mlango ulichelewa kufunguka. Japani iliwazuia wasiosikia kabisa hadi Juni 2008, ilipowaruhusu kuendesha magari madogo kwa masharti mawili: kioo kipana cha kuonea nyuma, na alama ya kipepeo ibandikwe kwenye gari ili madereva wengine wajue. China ililegeza masharti yake mwaka 2010, ikikubali wanaosikia kwa msaada wa kifaa. India, mwaka 2011, Mahakama Kuu ya Delhi ilisema kiziwi asikataliwe kwa sababu tu ya uziwi wake. Apewe nafasi ya kufanya mtihani, na mtihani ndio uamue. Uingereza dereva kiziwi wa gari dogo halazimiki hata kuitaarifu mamlaka ya leseni kuhusu usikivu wake, na mtihani wa nadharia hutolewa kwa video ya lugha ya alama. Malori ndiyo yaliyokawia zaidi: Marekani ilisubiri hadi Februari 2013 ndipo viziwi 40 walipopewa kibali maalumu cha kuendesha magari makubwa ya biashara kati ya jimbo na jimbo.

Majirani zetu wa Kenya waliitaja Lugha ya Alama ya Kenya ndani ya katiba yao ya 2010, hata ikawa mojawapo ya lugha rasmi za Bunge. Hilo linaweza kuonekana liko mbali na usukani. Haliko mbali hata kidogo, kama tutakavyoona.

Hapa Tanzania masuala ya leseni yamo katika Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973. Sheria za aina hii zilirithi fikra za Uingereza, ambako tangu mwaka 1930 mwombaji alitakiwa atamke kama ana ugonjwa au ulemavu unaoweza kufanya uendeshaji wake uwe hatari kwa umma. Tafadhali yasome maneno hayo kwa makini. Kinachoulizwa ni hatari, na hatari inapimika: kwa daktari, kisha barabarani mbele ya mtahini. Mwaka 2009 nchi yetu iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, ambao katika ibara yake ya 20 unataka mtu mwenye ulemavu awezeshwe kusafiri kwa kujitegemea kadiri inavyowezekana. Mwaka uliofuata ikatungwa Sheria ya Watu Wenye Ulemavu, inayokataza ubaguzi. Taja mkataba huo na sheria hiyo unapozungumza na ofisi yoyote. Ndizo msingi wako.

Kikwazo kikubwa ni kitabu

Shule ya kwanza ya viziwi nchini ilifunguliwa Tabora mwaka 1963 na Kanisa Katoliki. Ya Buguruni, Dar es Salaam, ilifuata mwaka 1974. Jenga picha ya mtoto kiziwi wa Ufipa, huku Sumbawanga, wa miaka hiyo: ili asome ilibidi apelekwe mbali na kwao, kwenye shule yenye nafasi chache. Wengi hawakupelekwa. Hata waliosoma, walimu wa zamani waliamini mtoto kiziwi afundishwe kusoma midomo, na mikono yake ikazuiwa. Chama cha Viziwi Tanzania, CHAVITA, kilipoanzishwa katika miaka ya 1980, moja ya kazi zake kubwa ilikuwa kuitetea Lugha ya Alama ya Tanzania kama lugha kamili.

Matokeo yake tunayaona darasani. Kwa viziwi wengi, Kiswahili cha maandishi ni lugha ya pili, na kimejengwa kwa sarufi tofauti kabisa na ile ya mikono yao. Mpe kijana huyo kitabu cha sheria za barabarani akisome mwenyewe, atafeli. Halafu watu watasema: mmeona, viziwi hawawezi. Amefelishwa na kitabu, na mtu huyohuyo akifafanuliwa somo hilo kwa alama, mbele ya michoro na magari ya kuchezea mezani, ataeleza vizuri nani ana haki ya kupita kwanza kwenye kipilefti.

Kwa hiyo kabla ya kulipa ada, tafuta mkalimani. Ulizia CHAVITA, au ofisa ustawi wa jamii wa halmashauri yako, au walimu wa elimu maalumu. Zungumza na chuo mapema: mkalimani atahudhuria masomo ya nadharia, na gharama yake atabeba nani? Ndugu anayejua alama za nyumbani anaweza kusaidia katika mazoezi, lakini kwenye nadharia na mtihani awepo mkalimani aliyefundishwa, kwa sababu ndugu akikosea kufikisha swali, anayefeli ni mtahiniwa. Na chuo kiwe kimesajiliwa. Kujifunza kwa rafiki mwenye gari uwanjani hakukupi cheti.

Daktari apime nini

Watu hukazania masikio. Mimi ningekazania macho. Dereva anayesikia akiwa na uoni hafifu bado ana mlinzi wa pili, ingawa ni dhaifu; kiziwi hana. Apimwe uoni wa mbali, wa pembeni, na wa gizani. Kuna hali ya kurithi iitwayo ugonjwa wa Usher: mtu huzaliwa akiwa kiziwi au mwenye usikivu mdogo, kisha taratibu anaanza kushindwa kuona gizani, na baadaye uwanja wa kuona unasinyaa kutoka pembeni kuelekea katikati. Mchana anaona vizuri na mwenyewe huenda hajui. Kama kijana wako kiziwi anajikwaa jioni, anagonga viti vilivyo pembeni yake, au anapoteza mazungumzo ya alama mara giza linapoingia, mpeleke kwa daktari wa macho kwanza. Chuo cha udereva kisubiri.

La pili ni mizani ya mwili. Homa ya uti wa mgongo, ugonjwa unaowaacha watoto wengi wakiwa viziwi, unaweza kuharibu pia sehemu ya sikio la ndani inayotunza mizani. Kwa gari la magurudumu manne tatizo hilo mara nyingi halizuii kitu. Kwa pikipiki linaweza kuzuia, hasa usiku na kwenye barabara ya vumbi yenye makorongo. Anayetaka bodaboda aulize swali hilo waziwazi kwa daktari.

Kifaa cha kusaidia kusikia kinafaa kwa wanaokitumia, lakini hakimgeuzi kiziwi kuwa mtu anayesikia. Kikuze sauti ya injini kiasi gani, dereva bado anatakiwa aendeshe kama vile betri imekwisha.

Ndani ya gari

Mwalimu, kanuni yako ya kwanza: gari likitembea, maelezo yamekwisha. Huwezi kumweleza mwanafunzi kiziwi jambo lolote bila yeye kuondoa macho barabarani, na hilo ni kosa lako, si lake. Eleza gari likiwa limesimama na hendibreki imevutwa. Chora mavumbini. Onyesha mwenyewe, kisha mpe nafasi. Kabla hamjaondoka kubalianeni ishara chache za mkono mtakazotumia njiani, zikiwekwa usawa wa dashibodi ili azione kwa pembe ya jicho: punguza mwendo, simama pembeni, kata kushoto, kata kulia, angalia kioo. Zisizidi hapo. Kugonga dashibodi kunafaa kumshtua kwa dharura, kwa kuwa mtikisiko ataupata. Kumshika mkono unaoshikilia usukani ni hatari. Na mkalimani asikae nyuma akapunga mikono kwenye kioo cha ndani. Kioo hicho kina kazi yake.

Gia ndizo huwatia watu wasiwasi. Wanaosikia hubadilisha gia kwa kusikiliza injini ikilalamika. Kiziwi hufuata mshale wa mizunguko ya injini, kama gari linao, na mwendo unaosomeka kwenye dashibodi. Gari likiwa kuukuu na mshale hakuna, hufuata mtikisiko: unapanda kwenye kanyagio la klachi, kwenye kiti, kwenye kirungu cha gia. Mpe muda akiwa amesimama, akanyage mafuta taratibu na kuweka kiganja juu ya dashibodi. Atajifunza sauti ya gari kwa ngozi. Kuwasha pia kuna fundisho lake: injini ikiwa tayari inanguruma, kiziwi anaweza kuzungusha ufunguo tena na kuharibu stata. Afundishwe kuangalia taa za chaji na oili. Zikizimika, injini iko hai. Na indiketa, ambayo wengine huisikia ikigonga, yeye aitazame baada ya kila kona.

Lipo jambo ambalo walimu wengi hulisahau. Pedi za breki zikiisha hupiga kelele, na kelele hiyo ndiyo onyo ambalo dereva anayesikia hulitegemea. Kiziwi hatalipata. Kwa hiyo afungue au afunguliwe gurudumu na kuzitazama kwa macho kila anapopeleka gari kwa fundi, bila kungoja dalili. Vivyo hivyo honi: kila asubuhi amwombe mtu asimame mbele ya gari na kumthibitishia kwa mkono kwamba inalia. Dereva kiziwi anadaiwa honi na wenzake kama dereva yeyote, hasa kwenye kona zisizoonyesha mbele.

Rivasi nayo. Mtoto akiwa nyuma ya gari, mama atapiga kelele "simama!", na dereva anayesikia atakanyaga breki. Dereva kiziwi azunguke gari lake kwa miguu kabla ya kurudi nyuma, kila mara, hata nyumbani kwake. Akiwa na msaidizi, msaidizi asimame anapoonekana kwenye kioo cha pembeni. Akitoweka kwenye kioo, gari linasimama.

Tukirudi kwenye lile swali la honi: jibu ni vioo. Vya pembeni viwili vizima, cha ndani kipana, na jicho linalovizungukia kila baada ya sekunde chache. Gari la wagonjwa lina taa zinazomweka, na mara nyingi taa huonekana kabla ya king'ora kupenya kwenye gari lililofunga vioo na kufungulia redio. Dalili nyingine ni mwenendo wa wengine: ukiona magari yote mbele yanaegemea kushoto ghafla bila sababu inayoonekana, egemea nawe, kisha tafuta sababu kwenye kioo. Abiria viziwi wajue pia kwamba mazungumzo yanasubiri hadi gari lisimame. Kuwasha taa ya ndani usiku ili mikono ionekane humpofusha dereva.

Barabara za Ufipa

Lami ya kutoka Tunduma hadi Sumbawanga, ile iliyojengwa kwa fedha za Mfuko wa Changamoto za Milenia wa Marekani, imetuondolea safari za tope za kulala njiani, na imeleta mwendo kasi. Malori yanayopeleka mizigo bandari ya Kasanga, Fuso zilizojaa mahindi, mabasi ya alfajiri: vyote viko hapo. Kwa dereva kiziwi hayo si tishio kuu, kwa sababu yana taa na ni makubwa. Tishio ni mkokoteni wa maksai usio na taa, unaotoka shambani jioni ukielekea Laela, na baiskeli yenye gunia la mkaa. Hivyo havisikiki hata kwa anayesikia. Kwa hiyo hapo mpo sawa nyote, na mwokozi ni mwendo wa chini.

Ukungu ni habari nyingine. Asubuhi za baridi, na wakati wa masika upande wa milima ya Mbizi, ukungu hufunika barabara hadi huoni mkia wa gari lililo mbele. Dereva anayesikia husimama, hushusha kioo na kusikiliza. Wewe huna nafasi hiyo. Usiingie kwenye ukungu mzito. Paki mbali na lami, washa taa za hadhari, ngoja jua lipande. Na kwenye barabara ya kushuka Bonde la Ziwa Rukwa, kupitia Ntendo kwenda Muze, kona ni kali na mteremko ni mrefu. Piga honi kabla ya kila kona, baki upande wako, tumia gia nzito, na usimpite mtu mahali usipoona mwisho wa kona. Kijana mwanafunzi asiende huko hadi amekomaa mjini na kwenye tambarare.

Ukifika Tunduma kumbuka kwamba reli ya TAZARA inapita eneo hilo. Kwenye kivuko chochote cha reli, simama kabisa, tazama kushoto na kulia, ndipo uvuke. Honi ya treni si yako.

Karatasi, mtihani na trafiki

Utahitaji kitambulisho cha taifa, namba ya mlipakodi, leseni ya kujifunzia kutoka Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA), cheti cha chuo kilichosajiliwa, na kufaulu mtihani wa polisi wa usalama barabarani. Baada ya hapo TRA huchukua picha na alama za vidole na kutoa leseni. Kwa gari dogo la binafsi daraja ni D. Magari ya abiria na mizigo ya biashara yana madaraja yake na masharti mazito zaidi, na dereva kiziwi ni vema ajijenge kwanza kwenye daraja D kwa miaka kadhaa.

Siku ya mtihani omba mambo matatu, na uyaombe kabla ya siku yenyewe: mkalimani awepo wakati wa maswali, maelekezo ya njia yatolewe gari likiwa limesimama, na mtahini akubali ishara zilezile ulizozoea na mwalimu wako. Hakuna lolote kati ya hayo linalopunguza ugumu wa mtihani.

Ukishapata leseni, weka kadi ndogo sehemu ya kivuli cha jua, imeandikwa kwa herufi kubwa: MIMI NI KIZIWI. NAOMBA TUANDIKE. Weka daftari na kalamu hapohapo. Trafiki akikusimamisha, paki, zima injini, shusha kioo, acha mikono juu ya usukani ionekane. Onyesha sikio na kutikisa kichwa, ndipo uelekeze kidole kwenye kadi. Usipeleke mkono ghafla chini ya kiti kutafuta leseni. Na wewe askari unayesoma haya: dereva asiyeitika filimbi huenda hakukudharau. Tumia mkono wako mapema, akiwa bado mbali. Ndiyo lugha anayoijua.

Ukikataliwa chuoni, hospitali au katika ofisi yoyote, usiondoke na jibu la mdomo. Omba sababu kwa maandishi, pamoja na kifungu cha sheria kilichotumika. Andika barua kwa mkuu wa ofisi hiyo ukiambatanisha ripoti ya daktari wa macho na wa masikio, nakala moja kwa ofisa ustawi wa jamii na nyingine CHAVITA. Jibu lisipopatikana, lipeleke suala lako Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora. Nakala yako ya kila barua igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe, na uitunze.